Umenunua mashua kuukuu? Soma dalili kabla ya kushika nyundo

Kaskazi ikianza kuvuma, simu nazo huanza. Hadithi ni ile ile. Kuna mashua imelala kando ya mikoko hapa Mombasa, Tudor au Mtongwe au Jomvu. Mwenyewe amefariki, au amehamia kwenye boti ya faiba yenye mashine. Watoto wanaiuza kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anataka kujua aanze na rangi gani. Nami humjibu kwa swali: imekaa nchi kavu muda gani, na masika ilipopiga ilikuwa imefunikwa?

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Wengi huamini bahari ndiyo inayokula chombo. Inakula, ndiyo, kwa njia ya mdudu, na nitafika huko. Lakini vyombo vingi nilivyoviona vikipasuliwa kuni viliuawa na maji ya mvua yaliyotuama ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) na jua lililopiga mbavuni, vikiwa vimeegeshwa mbali na wimbi, mwenyewe akidhani vimepumzika. Chumvi huzuia kuvu, maji ya mvua huilisha. Nusu ya majibu hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia, na kipimo cha bure kinakuja kabla ya kile cha pesa.

Kabla ya dalili yoyote

Chukua bisu lenye ncha, nyundo ya mbao, tochi, chaki na uzi mrefu kuliko chombo. Nunua rangi mwisho kabisa. Tembea na bisu ukichoma kila ubao na kila taruma (ule mti wa ndani unaoshika mbao), ndani na nje. Ubao mzima hukataa ncha, uliooza huimeza kama muhogo uliochemka. Kisha gonga kwa nyundo: penye uzima pana mlio mkavu, ko, ko. Penye maradhi sauti hulala, bu. Weka alama ya chaki hapo hapo, maana ukifika omo (mbele) utakuwa umesahau ya tezi (nyuma).

Kazi ya chini ya chombo hufuata mwezi. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo wakati wake. Hapa Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa kabisa huwa ni kiasi cha saa nne asubuhi, kwa hiyo unapata mwanga mzuri na saa chache za kufanya kazi kabla hayajarudi. Ukikiegesha chombo wakati wa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, sehemu ya chini kabisa haitakauka, utabaki ukipaka matope. Na kama umekipandisha juu kabisa siku ya kilele cha bamvua, jua kwamba hakitoki hapo mpaka bamvua nyingine ifike pale pale.

Onyo: usijipenyeze chini ya chombo ambacho gadi zake (miti ya kukiegemeza) hukuziweka au kuzikagua mwenyewe. Mchanga hulegea maji yakipita. Weka kipande cha ubao mpana chini ya kila gadi, na gadi za upande mmoja zifungwe kamba na za upande wa pili kupitia chini ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo). Chombo chenye mkuku uliochoka hakilali polepole, huanguka.

Dalili: imeshushwa leo na maji yanaingia kila mahali

Sababu ya kwanza, na kwa mbali ndiyo inayotokea sana, ni ukavu. Mbao zimenywea, viungo vimefunguka. Hili si ugonjwa, na ndilo ambalo watu hulitibu vibaya kuliko yote.

Mimi mwenyewe nililitibu vibaya. Mashua yangu ya kwanza, ya futi 22, ilikuwa imekaa juani miaka minne. Kati ya ubao na ubao ukucha ulikuwa unaingia. Nikanunua pamba, nikaishindilia kwa nguvu zangu zote za ujana, nikafunika na puti, nikaona nimefanya kazi ya maana. Siku ya tatu majini mbao zilivimba na hazikuwa na pa kwenda. Nilisikia mlio kama wa tawi kavu likivunjwa, kisha wa pili. Mataruma mawili yalikuwa yamepasuka, na upande wa kushoto misumari ilikuwa imechomoza vichwa kama vipele. Mzee aliyenifundisha kazi alikuja jioni, akatazama ndani kwa muda, akasema, "Mwanangu, umemlisha mwenye njaa kwa mwiko wa shughuli. Sasa kavimbiwa."

Fanya hivi badala yake. Tandaza magunia juu na ndani ya chombo, yaloweshe kwa maji ya bahari asubuhi na jioni, wiki moja hadi mbili. Naam, ya bahari, usichukue bomba la kuoshea gari. Au kishushe mahali pa matope laini, ukiache maji yakijaa yaingie na yakipwa yatoke, siku kadhaa mfululizo. Chukua kipande cha kadi ngumu, kichomeke kwenye kiungo kimoja kilicho wazi, na uandike tarehe. Siku kadi itakapokataa kuingia, ndipo uanze kufikiria kalafati, yaani kuziba viungo kwa pamba. Mara nyingine utakuta nusu ya viungo vimejifunga vyenyewe.

Sababu ya pili ni kalafati iliyochoka. Ivute kwa ndoano ya waya. Ikitoka ndefu, nyeupe na yenye mafuta, iache. Ikitoka vumbi au kamasi nyeusi, itoe yote kwenye kiungo hicho. Kwangua mpaka uone mbao safi, lakini usipanue kiungo kwa patasi kali. Kiungo kinachopanuliwa kila mwaka mwisho huwa mfereji, na hakuna pamba inayokaa kwenye mfereji. Pamba mpya isokotwe nyuzi nyembamba, iloweshwe mafuta (wengine hutumia ya nazi, wengine sifa, yaani mafuta ya papa, pua ya jirani haishauriwi), kisha ipigwe kwa patasi butu kwa mapigo mepesi yanayolingana. Iishie chini kidogo ya uso wa ubao. Puti nayo iwe na bonde dogo, si mlima, kwa sababu ubao ukivimba utaisukuma nje.

Sababu ya tatu ni kiungo cha ubao wa chini kabisa na mkuku. Hapo ndipo uzito wote wa chombo hukaa kinapopwelewa, na ndipo mikono mingi haifiki. Chunguza ukiwa umelala chali na tochi.

Kama huoni maji yanapoingilia, geuza swali. Chombo kikiwa juu, gadi zimekaza, mimina maji ndani kidogo na uzunguke nje uone panapolia. Nimesema kidogo: yafunike mkuku tu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na mashua kuukuu iliyozoea kushikwa na bahari kutoka nje haikuundwa kubeba tani kutoka ndani.

Dalili: nangani hapavuji, ikienda na tanga inavuja

Tazama kwanza mbao za juu, zile ambazo chombo kikisimama haziguswi na maji. Zimekaushwa na jua, na chombo kikilalia demani (upande usiopigwa na upepo) ndizo zinazozama. Zimwagie maji ya bahari kila siku kabla ya safari, utashangaa dawa ilivyo rahisi.

Ikiendelea, shuka kwenye kitako cha mlingoti. Tanga likijaa upepo, mlingoti husukuma chini kama nguzo inayopigiwa nyundo. Kama tundu la kitako limeoza, nguvu hiyo yote huenda kwenye mbao mbili za chini na kufungua viungo vyake. Choma kwa bisu ndani ya tundu. Mara nyingi utalikuta limejaa majani, mchanga na uji wa mbao, kwa sababu maji ya mvua huteremka na mlingoti na kuishia hapo.

Sababu ya mwisho ni kiungo cha hanamu, ule mti wa mbele unaokata maji. Chombo kikipiga wimbi, mwambie mtu mwingine aweke kiganja omo ndani. Akihisi mbao zinacheza, rudini nyumbani polepole. Hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili: maji yanaongezeka wiki hadi wiki, na hakuna ufa

Hapa mshuku mdudu. Watu humwita mnyoo, lakini kwa ukoo wake ni wa kundi la chaza na kombe. Ana magamba mawili madogo kichwani na ndiyo anayotobolea. Huingia akiwa mdogo asiyeonekana, kwa tundu kama ncha ya sindano, halafu hunenepa akiwa ndani na kupaka njia yake chokaa nyeupe. Nje ubao unang'aa, ndani ni sega la nyuki. Bila kinga, katika maji yetu ya vuguvugu, ubao laini unaweza kwisha kwa miezi michache.

Kipimo: sugua eneo la chini ya maji mpaka mbao zionekane, likaushe kwa kitambaa, lisubiri. Vitundu vyenye mdudu hai hutoa tone la maji. Gonga kwa nyundo, kisha toboa kwa keekee nyembamba mahali pamoja unapopashuku. Ukitoka unga mweupe wa chokaa, jibu umelipata.

Kuna anayesema: nitakipandisha siku tatu, atakufa. Hafi. Huziba mlango wake na anaweza kukaa hivyo wiki kadhaa. Njia ya wazee ni moto wa makuti: chombo kinalazwa ubavu, makuti makavu yanawashwa na kupitishwa chini yake haraka, moshi na joto viingie matunduni, kisha kinapakwa deheni ya shahamu na chokaa kikiwa bado na uvuguvugu. Inafanya kazi kwa aliyefundishwa. Kama hukufundishwa, mtafute mwenye mkono huo akufanyie mara ya kwanza. Na usithubutu kuwasha moto karibu na chombo chenye rangi ya sumu ya chini, tangi la petroli au kiraka cha faiba.

Ubao uliokuwa sega hauzibwi. Unatolewa. Kama ni ubao mmoja au mbili, hiyo bado ni bei ya kawaida. Kama ni mkuku, simama. Mkuku ulioliwa hubadilishwa na fundi wa majahazi na watu wake, na mara nyingi gharama inakaribia chombo kipya.

Mdudu huyu ana mahali anaposhindwa: kwenye tope zito lisilo na hewa. Ile manuwari ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa, ilipochimbuliwa na wapiga mbizi miaka ya 1970 ilikutwa sehemu yake ya chini bado ipo, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa na tope. Kilichobaki juu ya tope kilikuwa kimekwenda. Kwa hiyo ukikuta mashua imezama nusu kwenye matope ya mikoko, usiikatie tamaa kwa sura. Iliyozikwa huenda ikawa nzima kuliko inayoonekana.

Dalili: mbao laini, nyeusi, au zina harufu ya uyoga

Anza kutafuta juu, maji yanakoingilia: nyufa za sitaha, pembe za tezi, chini ya mabenchi, vichwa vya mataruma. Kuvu hutaka unyevu, hewa na utulivu, na maji ya mvua yaliyofungiwa chini ya turubai lisilopitisha upepo humpa vyote vitatu. Nimeona chombo kilichofunikwa turubai la nailoni mpaka chini, kwa nia njema kabisa, kikaoza kuliko jirani yake aliyeachwa wazi. Funika, lakini inua turubai kama paa la kibanda, upepo upite omo hadi tezi.

Pakiwa papya na padogo, kwangua mpaka kwenye uzima, osha kwa maji ya bahari, acha pakauke kivulini, paka mafuta. Pakiwa pamepita nusu ya unene wa ubao, kata kipande na uzidishe kwa kila upande mpaka bisu likatae. Kiraka cha ubao kisiishie kwenye taruma moja na kiraka cha jirani yake, viungo vipishane.

Mbao gani? Mbambakofi kwa kazi za chini na mvule kwa mbao za ubavuni ndiyo chaguo langu. Mwembe ni rahisi na huoza upesi. Mataruma mazuri ni yale yaliyopinda yenyewe mtini, kama mlilana au mkomafi, si ubao ulionyooka ukakatwa mviringo, maana huo nyuzi zake zimekatika na utapasuka. Mikoko usiikate mwenyewe. Nunua kwa mwenye kibali cha KFS (Huduma ya Misitu Kenya) na ubaki na risiti.

Onyo: ukikuta mataruma matatu yanayofuatana yameoza, usiyatoe yote kwa pamoja. Hayo ndiyo yanayoshika umbo. Toa moja, weka jipya, ndipo uguse la pili. Na kama bisu linazama hanamu au fashini (mti wa nyuma unaobeba usukani), weka bisu chini, mwite fundi.

Dalili: machozi ya kutu ubavuni

Mara nyingi ni kichwa cha msumari kilichopoteza puti yake. Kichimbue na ukitazame. Kikiwa kigumu, safisha, paka rangi ya kuzuia kutu, ziba. Ng'oa msumari mmoja kwa majaribio mahali pabaya kuliko pote. Mimi niliwahi kung'oa wa inchi tano ukatoka kichwa kizima, ncha nzima, na katikati mwembamba kama kijiti cha meno. Kwa nje usingejua.

Kama mbao zinazouzunguka zimekuwa nyeusi na laini, kutu imeunguza nyuzi zake, na msumari mpya kwenye tundu lile lile hautashika. Ziba tundu kwa kigingi cha mbao, piga mpya kando. Tumia iliyochovywa zinki, ifungwe uzi wa pamba wenye mafuta shingoni, na ncha ikunjwe ndani. Usichanganye na shaba chini ya maji: ndani ya maji ya chumvi shaba ikigusana na chuma, chuma ndicho kinacholiwa.

Dalili: ukitazama kutoka mbali, mgongo umepinda

Funga uzi kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku, uukaze, upime katikati. Kama ncha mbili zimeshuka na katikati imeinuka, chombo kilikaa miaka kwenye magogo mawili tu ya katikati, au mataruma yamelegea yote. Upinde mdogo katika chombo kizee unaweza kuishi nao, na usiulazimishe. Mkubwa si kazi ya jeki ya gari, ingawa kila mwaka kuna anayejaribu. Fundi huurudisha kwa wiki nyingi, kidogo kidogo. Jeki hurudisha kwa dakika moja, kisha unasikia mlio ule wa tawi kavu.

Rangi, usukani, tanga

Rangi inayovimba malengelenge ina maji nyuma yake. Pasua moja: maji yakitoka, shida ni ubao uliopakwa ukiwa mbichi. Rangi za zamani huwa na madini ya risasi, na zile za chini zina sumu. Kwangua zikiwa zimelowa, vaa barakoa, watoto wasicheze hapo.

Usukani mgumu: ondoa chaza na viganda kwanza, kisha tazama bawaba zilizolika, kisha kana (mkono wa usukani) iliyolegea. Fashini yenyewe ikicheza, umesharudi kwenye onyo la juu.

Nyufa za mlingoti zinazokwenda na nyuzi ni za jua, paka mafuta na usizijaze kitu kigumu. Ufa unaokatiza nyuzi, hata mdogo, maana yake mlingoti umekwisha. Kagua foromali (mti unaobeba tanga) vivyo hivyo, hasa pale henza (kamba ya kulipandishia) inapofungwa, na ubadilishe henza na kamba za gofia (kapi) bila kuzijadili. Tanga lipime kwa kidole gumba: ukilisukuma karibu na mshono na likatatarika, jua limelila.

Kuhusu kuivika faiba

Nitaulizwa, basi nijibu. Kuvika faiba juu ya mbao kuukuu hakuzibi, kunafungia. Mbao huendelea kuvimba na kunywea, faiba haifuati, maji hupenya katikati na kuvu hupata chumba kisicho na chumvi wala upepo. Utasafiri misimu miwili ukinicheka. Msimu wa tatu utachana ganda na kukuta uji.

Usiku wa kwanza majini

Kabla ya abiria au wavu wowote kuingia, chombo kinahitaji kukaguliwa na kupewa leseni na KMA (Mamlaka ya Bahari Kenya). Mpigie mkaguzi mapema, ikiwezekana kabla hujafunika mataruma, ayaone.

Shusha chombo asubuhi, maji yakijaa, mahali pa kina kifupi ambapo kikizama kitakaa tu. Usikiache peke yake usiku huo. Lala ndani na upo (kata ya kutolea maji), ndoo na taa, na uandike idadi ya ndoo unazofua kila saa. Mashua yangu ya pili, ile niliyoilowesha kwa magunia siku 12, ilinipa ndoo 31 mpaka alfajiri. Usiku wa pili 14, wa tatu 5. Idadi ikishuka hivyo, mbao zinavimba na unaweza kulala nyumbani. Ikibaki pale pale siku tatu, kuna tundu hujaliona, rudi bamvua ijayo na tochi. Ikipanda, usisubiri bamvua: kipandishe kwa maji yanayojaa leo.